Saa Tano tu hadi Kathmandu

Doha, 9 Septemba. Ni mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani.

Kaka Dilliram,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Joto limepungua kidogo, na wali kwa dengu tunajipikia wenyewe kambini. Msalimie shemeji.

Sasa nisikilize. Kwetu baba akifa huchomwa moto na kifungua mimba, mama huchomwa na kitinda mimba, yaani mimi. Hata mbuzi wako wanalijua hilo. Mama kafa alfajiri, jioni umemwasha wewe pale mtoni, na mimi nikaambiwa siku ya tatu. Nilipokuuliza kwa simu ukasema, "Doha ni mbali, mdogo wangu. Maiti haingoji."

Mbali wapi? Ndege kutoka hapa hadi Kathmandu ni mwendo wa saa tano. Wewe ukitoka kijijini kwenda Kathmandu kwa basi unakaa zaidi ya hapo, na ukirudi unataka ukandwe miguu. Msimamizi wangu kaniambia, "Ungesema siku ile, ungeondoka jioni." Mama angelala usiku mmoja tu akiningoja. Miaka yote hii alikuwa akiningoja.

Kisha ulimi ukakuponyoka: "Na ungekuja, ungerudi kazini kweli?"

Kumbe ndiyo hiyo. Ulimchoma mama yangu haraka ili mimi nibaki kubeba saruji na kukutumia pesa.

Nimenyoa kichwa, na nguo nyeupe ya msiba naivaa chini ya ovaroli. Ibada ya kutimiza mwaka tangu afe ni yangu. Nakuja mwezi wa nane mwakani, na mahali pa kukaa mbele ya kuhani pawe wazi. Huku sirudi tena.

Mdogo wako,
Khimlal