Viwavi Kumi na Saba Uliowakaanga

Katuba, Jumapili baada ya misa

Kwako Yaya Leontine, dada yangu mkubwa,

Nianze na afya, maana Mama alitulea tusianze na ugomvi hata tukiwa nao mdomoni. Goti lake linaendeleaje? Shemeji Gaspard amepona kikohozi? Mimi ni mzima wa mwili. Rohoni nina hasira, tena nyingi, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu uliangua kicheko mara mbili, na mara mbili nikakata.

Yaya, uliwakaanga viwavi wangu.

Utasema tumeshazungumza. Hatujazungumza, ulicheka. Sasa kaa usome. Unajua siku zangu za mapumziko sinywi bia wala sichezi karata. Naangalia wadudu. Wenzangu mgodini, upande wa Kinsevere, wamezoea kunikuta nimechuchumaa kando ya pampu ninazotengeneza, nikimtazama dundu akisukuma donge lake la mavi. Wananiita dokta wa bilulu, daktari wa wadudu. Waniite watakavyo.

Mwaka jana niliona viwavi kwenye mti wa mutondo karibu na mto Naviundu, weusi, wenye madoa mekundu na miiba myeupe mgongoni. Nilitaka kujua jambo moja tu: wakigeuka, wanakuwa nondo gani? Niliwauliza akina mama wanaouza finkubala, viwavi wakavu, sokoni. Mmoja alinitazama akanionea huruma: "Inageukaka nini? Inageukaka mboga, papa." Wale wa mwaka jana walinifia kwa sababu majani yalikauka nikiwa kazini. Mwaka huu nikapata kumi na saba, nikawaweka ndani ya katoni chumbani, nikafunika kwa kipande cha chandarua. Pembeni niliandaa beseni la udongo, maana viwavi wa namna hii hujifukia kabla ya kugeuka.

Ndipo ukaja wewe kutibiwa macho, na zamu ikaniita wiki mbili. Nilikuachia karatasi mezani: "Walishe majani mabichi kila asubuhi. Wasipungue." Na uliwalisha! Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Jirani ameniambia ulikwenda mpaka Naviundu kuchuma majani, na macho yako hayo mabovu.

Niliporudi ulikuwa umeshapanda treni. Mezani kulikuwa na sahani mbili zimefunikwa, ugali wetu wa bukari na mboga. Nilikuwa na njaa tangu Kinsevere. Nilikula, Yaya. Nilikula huku nakusifu kwa sauti, peke yangu nyumbani, nikapangusa sahani kwa tonge la mwisho. Kisha nikaingia chumbani kuwaangalia viwavi wangu. Katoni ilikuwa tupu, tena umeifuta vizuri.

Nikakupigia. Ukaniambia nini? "Mudogo yangu, baliacha kula. Banazunguka-zunguka tu mu katoni. Nikaona banataka kuharibika. Na nilijua ulibachunga juu yangu, juu unajua napendaka finkubala."

Waliacha kula! Hiyo ndiyo siku niliyoingojea miaka miwili. Kiwavi akiacha kula na kuzungukazunguka, anatafuta mahali pa kujifukia. Udongo ulikuwa pale pale, hatua moja kutoka kwenye katoni, na wewe ukawapeleka kwenye mafuta.

Wala hukuishia hapo. Umefika nyumbani Kamina ukamwambia Mama kwamba nilinenepesha viwavi kwa ajili yako. Sasa Mama amenitumia ujumbe wa sauti kunibariki, eti mimi ndiye mtoto anayejua kupokea ndugu, na anataka nimfugie wake wa Pasaka. Nimjibu nini? Baraka ya Mama siwezi kuikataa, na hii sikuistahili. Msomee barua hii yote, usiruke mstari.

Alhamisi nilikwenda Naviundu kutafuta wengine. Mutondo wangu umekatwa, wameshauchoma makaa. Nimezunguka siku nzima, sikuona mwingine wenye viwavi wale.

Kwa hiyo usiniombe msamaha, sitaki msamaha. Nenda nyuma ya zile nyumba za reli huko Kamina alikokaa babu, kule mitondo bado ipo. Tafuta weusi wenye madoa mekundu. Siku watakapoacha kula, toka jikoni, wape udongo, halafu ungoje miezi kama ninavyongoja mimi. Atakayetoka mpige picha kabla hajaruka, unitumie.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi Odila anayetupikia mawese, na yule mzee katekista aliyenibatiza jina. Mama mbusu kwa niaba yangu, lakini baada ya kumsomea.

Walikuwa watamu, sitadanganya. Lakini tangu utoto wetu tunakula watoto wa mtu, Yaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mama yao akiruka.

Mdogo wako, bado amekasirika,
Donat