Vifungo vya Koti la Inspekta

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia. Sisi hatujambo, isipokuwa baba, ambaye mguu wake umefungwa bandeji, na ndiyo sababu ninaandika.

Unajua baba amezoea filamu za kuliza watu. Shangazi husema hakuna sebule ambayo hajaimwagia machozi. Sasa ameamua kutengeneza filamu ya majambazi, na inspekta ni yeye mwenyewe. Inspekta anapokaa na mama wa jambazi kumwuliza mwanawe alipo, hata mafundi wa taa husahau kukohoa. Lakini mbio zikianza, dada, jambazi hukimbia kama mtu anayewahi benki isifungwe, na baba humfuata ameshika kiuno.

Kwa kuwa ni likizo, baba alinipa daftari la kumbukumbu. Vipande vya filamu havirekodiwi kwa mfululizo, kwa hiyo lazima mtu aandike kikombe kilikuwa na chai kiasi gani, au koti lilikuwa wazi au limefungwa, ili vikiunganishwa vifanane.

Jumatatu baba aliruka kutoka juu ya ukuta wa ghala hadi kwenye magodoro. Mwalimu wa mapigano, tunayemwita Chuma, alimsihi amwachie yeye aruke, maana kwa nyuma hakuna ambaye angewatofautisha. Baba alimwambia asimzeeshe kabla ya wakati. Aliinuka akicheka, lakini nilimwona alivyokunja uso. Kisha akatangaza kwamba wiki ijayo ataruka kutoka paani.

Jumanne walirekodi inspekta akikimbia baada ya kuruka. Jumatano, walipotazama vipande, inspekta alikuwa hewani na koti lililofungwa, na akifika chini vifungo vyote viko wazi. Baba akaagiza ukuta urukwe upya. Safari hii aliteguka kifundo cha mguu.

Tangu hapo hakuna anayemwamini mwenzake. Baba anafungia hati ya filamu kabatini na kutembea na ufunguo. Mpiga picha anamtazama fundi wa taa kwa jicho la pembeni, na baba akipita mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Shangazi, anayeshughulikia mavazi, aliapa kwamba Jumanne alimvalisha baba kama daftari lilivyosema, koti wazi. Baba akajibu kwamba daftari la mwanawe halikosei, basi ni Chuma, aliyemkagua kabla ya kuruka, aliyefunga vifungo kwa siri ili amuumbue kwa kuwa alimnyima nafasi ya kuruka. Chuma alisema kazi hii imemvunja mbavu mbili, lakini yeye hajawahi kumvunjia mtu heshima. Akafukuzwa hapo hapo. Baadaye shangazi alipapasa kwa kidole ukurasa wa Jumatatu, mahali palipofutwa kwa raba, akanitazama.

Dada, ni mimi. Niliandika kwamba koti limefungwa, kisha nikafuta na kuandika kwamba liko wazi. Nilidhani vipande visipofanana baba atachoka, atatupa mbio zote, na hatapanda paa lolote. Sikufikiri kwamba angerudia. Na Chuma alipokuwa akikusanya magodoro yake, nilikuwa nimesimama pale na daftari mkononi, nikanyamaza.

Nilitaka kukuomba umweleze baba kwa niaba yangu. Lakini barua itachukua siku nyingi, na Chuma hana kazi. Kwa hiyo nimemsomea baba hadi mstari huo wa juu. Aliniuliza kama kweli jambazi anakimbia vile. Nikasema ndiyo. Akampigia Chuma simu. Yeye anayewaandikia wengine maneno ya kuomba msamaha alibabaika kama mtoto, akaishia kusema amemkosea sana. Chuma amekubali kurudi Jumatatu kwa masharti mawili: yeye ndiye aruke, na daftari lishikwe na shangazi. Baba amekubali yote.

Bado hajasema nami vizuri. Lakini sasa hivi anarekebisha maneno ya mama wa jambazi, na amenipa upande wa mama niusome.

Shangazi anakusalimu sana. Nisalimie wenzako wote chuoni, na unijibu hata kama umenikasirikia.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba