Mama Neema amekula jikoni

Jumapili, Songea

Leo mezani nimepiga ishara ya msalaba, mara ya kwanza tangu nitoke kwenye kundi la yule mtu anayejiita mtume. Mke wangu akabeba sahani yake ya ugali, akaenda kula jikoni.

Nikamfuata. "Mama Neema, Yesu ni Mungu, alimaliza yote msalabani. Yule mtume wako ni mtu tu kama mimi."

"Si wewe uliyeniambia Yesu alishindwa, ndiyo maana Mungu akamleta mtume? Rozari ya marehemu mama niliichoma kwa maneno yako, Baba Neema. Leo unageuka?"

Nikarudi mezani peke yangu.

Ee Mungu, mimi umenipokea. Lakini yeye… Nilipomdanganya aliniamini. Leo namwambia ukweli, haniamini tena.