Marehemu Aenda Mbugani

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila tangu juzi chakula hakipiti.

Juzi aliingia ofisini kwetu mwanamke mmoja kijana, mwalimu wa chekechea, mcheshi kweli. Anataka safari ya mbugani ya siku tatu, yeye na mumewe, fungate yao iliyochelewa. Anapenda tembo. Akauliza kama kiboko anaweza kumnusa mtu aliye ndani ya gari, tukacheka. Akaniambia mumewe amepitia makubwa: mke wa kwanza alimfia hospitalini kwa ugonjwa wa kifua, na mpaka leo hapendi kuulizwa. Kisha akanionyesha picha.

Ni shemeji. Ameota kitambi, lakini ni yeye.

Ulipokuwa umelazwa alihama na kila kitu hadi mapazia. Hilo tulilimeza. Lakini kukuzika ungali hai? Nimeshapanga. Watakwenda masika, barabara zikiwa tope tupu, walale kambi ile yenye mbung'o wanaouma hadi juu ya jinzi. Dereva nitawapa yule anayesinzia hata kwenye kona.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru u mzima. Kula basi, njaa yako haimuumizi yeye. Mgongo unaniruhusu kushona; sare za shule zimejaa hadi kitandani.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Sasa nisikilize. Mbung'o hawachagui, watamuuma na huyo binti ambaye hajanikosea chochote. Usiharibu kitu. Wape kiangazi, wanyama wakiwa wamekusanyika mtoni. Wape kambi nzuri na dereva aliye macho. Ila zile safari zenu za kuchanganya wageni gari moja bado zipo? Niwekee kiti nyuma yao.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Hujambo? Huku hatujambo. Kiti kipo, mwezi wa nane. Lakini hebu fikiri. Akikuona si atashuka aondoke zake? Na bosi akijua sisi ni ndugu, kazi sina. Bado tunaweza kuacha.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini umelala vizuri kuliko mimi. Hatashuka. Si wewe uliyeniambia mbugani ni marufuku kushuka garini? Mwambie dereva anichukue mwisho kabisa, pale langoni. Kazi ikiota mbawa, nina cherehani ya pili. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Dada yako

20 Agosti

Mdogo wangu,

Nimerudi salama, vumbi tu limejaa masikioni. Najua umekaa roho juu, nisamehe kwa kuchelewa.

Dereva alinichukua langoni. Shemeji yako alikuwa akimweleza mkewe habari za simba kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa. Nikapanda, nikasalimia. Akageukia mbele upesi. Mlango ukafungwa, tukaingia ndani.

Tukaenda mwendo mrefu. Mimi nilitazama twiga, yeye akatazama kisogo cha dereva. Jasho likimtiririka, mkewe akampepea kwa kofia akidhani ni homa.

Tulipofika mtoni, tembo walikuwa wanakunywa, wakubwa kwa wadogo. Binti akageuka, akaniuliza kwa upole kama nimeolewa.

"Niliolewa," nikasema. "Na huyu hapa. Nililazwa kwa kifua, niliporudi nyumbani nikakuta hata mapazia hayapo."

Akatabasamu akingoja utani uishe. Kisha akamtazama mumewe, na uso wa mumewe ukamjibu. Shemeji yako akamwambia dereva asimamishe gari, anataka kushuka. Dereva, bila kugeuka, akamwambia hapa hashuki mtu, labda aage kwanza.

Binti hakulia. Alihama kiti akaja kukaa nami nyuma, na kwa kuwa gari ni moja na kambi iko ndani ya mbuga, siku zote zilizobaki tuligombania darubini sisi wawili, shemeji yako akiwa mbele amejikunyata kama mzigo uliosahauliwa. Binti yule nilimhurumia, nisikufiche. Alikuwa akikatisha maneno katikati, akabaki anatazama nje. Lakini kujuta sijuti.

Asubuhi ya mwisho shemeji yako alinifuata mezani, akaomba msamaha kwa sauti ya chini, eti alidhani sitapona.

Nikamwambia marehemu hasamehe mtu. Kisha nikamwomba anisogezee chumvi.

Dada yako