Jumamosi Niliyompimia Lutengano Mvua

Jumapili, 28 Februari 1954
Makambako. Mvua tena. Nimesahihisha madaftari ya darasa la pili, nimefua. Lutengano kaja saa kumi kamili, kama kila Jumapili. Kiti kile kile. Akaziba masikio kwa kelele za bati. Mpima mvua wa serikali, na mvua juu ya bati haiwezi. Nampenda, basi. Jana alitakiwa Njombe kwa wazee wangu, mazungumzo ya posa. Hakwenda. Sijathubutu kumuuliza.

Jumanne, 2 Machi
Barua ya Baba. Hasira tupu. Kuku walichinjwa, wazee wakakaa mpaka jioni. Anampa Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Asipofika, posa imekufa.
Nimemuuliza Lutengano. Kasema saa tatu ndipo mvua inapimwa. Radhi hakuomba. Nilitamani kumrushia sufuria.

Jumatano, 3 Machi
Shangazi, ninayekaa kwake, anasema nimwache: mtu gani hakutazami usoni? Baba alipopita hapa Krismasi alimsifu kwa hilo hilo, kijana ana adabu, hawakodolei macho wakwe. Mimi najua si adabu. Hata mbuzi hamtazami.
Nimemwambia Lutengano Jumamosi nitampimia mimi. Kaondoka bila kuaga. Mwaka jana karani mmoja alimshikia zamu, akaandika tarakimu ya kubuni akiwa kitandani. Tangu hapo daftari lile la mvua haligusi mtu mwingine. Nimekosea kusema. Sijui.

Alhamisi, 4 Machi
Kaja na bilauri ya kupimia. Kanifundisha kwa maji ya kisima, mara kumi na mbili. Nikikosea: "Rudia." Nilimfokea. "Rudia." Mwishoni kaniachia daftari na ufunguo wa uzio wa kipimo.

Ijumaa, 5 Machi
Kapanda lori la Njombe. Koti kuukuu, jipya linamwasha. Atawaambia nini wazee? Ukweli. Hana kingine.

Jumamosi, 6 Machi
Ilinyesha usiku kucha. Saa tatu nikaitoa chupa inayokinga mvua, imejaa. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ikaniponyoka. Maji yote nyasini.
Nikabaki na kalamu. Shangazi kasema, andika themanini, mwanangu, nani atajua, unataka uzeekee kwangu? Kweli, hakuna ambaye angejua. Nilikwishachovya wino.
Nimeandika: Nimemwaga. Sijui.
Nimelia kama mtoto. Posa nimeiua mwenyewe.

Jumapili, 7 Machi
Karudi. Nilimpa daftari kabla hajaketi. Akasoma, akasoma. Miaka minne bila pengo, na sasa lipo, kwa mwandiko wangu.
Halafu akasimulia ya Njombe kwa mpangilio, hadi mahali Baba alipokohoa. Baba alimuuliza kwa nini hakuja mara ya kwanza. Kajibu: mvua. Na leo anapima nani? Kajibu: binti yako. Baba akasema, kumbe unamwamini, akaagiza kuku waletwe. Amekubali.
Sikuweza hata kufurahi. Nikasema nisamehe. Akatazama mlango, akasema ningeandika tarakimu asingejua. Akaniwekea bilauri mkononi. "Jumamosi ijayo upime wewe."
Shangazi kainjika chai. Bilauri nimeiweka juu ya kabati, mbali na kuku wake.