Mawe ya Kitunguu

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Leo Mwalimu Hashimu kaingia darasani na malimau! Tukacheka — huyu mtu wa Tanga anataka kutupikia samaki. Kumbe ni somo la miamba. Unakwangua jiwe kwa msumari, unakamulia limau kwenye ule unga. Likitoa mapovu, ni jiwe la chokaa. Tindikali inalila.

Nimerudi mbio kujaribu mawe ya baba. Baba anachoma chokaa hapa Makere tangu sijazaliwa, mawe huyachagua kwa kuyagonga na kusikiliza mlio. Nikamwambia hiyo ya zamani, baba, sasa kuna sayansi! Mawe ya kawaida — mapovu kiduchu. Yale yenye duara ndani ya duara, tunayoyaita mawe ya kitunguu — shwaa! Baba kacheka mpaka kakaa chini. Kasema basi wewe ndiye utanichagulia. Mimi! Kaka Japhet kanuna.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumemaliza. Kumbe mawe ya kitunguu yote yalikuwa sehemu moja tu, shimo la nyuma. Mimi naonyesha kwa kidole, Japhet anavunja. Leo tumefika kwenye udongo mwekundu mtupu, hakuna tena. Yote yameingia kwenye tanuru. Kubwa kuliko yote, kama kichwa cha mtu, baba kaliweka juu ya mlango wa moto ili lishike mengine. Mgongo unaniuma lakini raha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mungu wangu.

Leo somo ni visukuku. Mwalimu anasema kiumbe akifa majini, tope likamfunika upesi, tope likaja juu ya tope miaka na miaka, uzito unakandamiza, maji yenye madini yanapenya. Tope linakuwa mwamba, na kiumbe anakuwa jiwe humo humo. Sawa. Halafu akasema kuna vingine havina mfupa wala gamba. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, viliishi kwenye maji ya kina kifupi kabla hata samaki hajawepo duniani. Utando wao unanasa tope, vinapanda juu yake, vinanasa tena. Akachora ubaoni.

Kitunguu! Duara ndani ya duara!

Nikanyoosha mkono nikasema kwetu yapo. Firdausi akaangua kicheko, eti Makere kuna bahari? Mwalimu hakucheka. Kasema tangu chuo hayo kayaona kwenye picha tu. Nilete moja. Nikileta, Jumamosi nitasimama mimi kwenye maonyesho ya sayansi Kasulu, na kuna mtaalamu wa miamba anakuja. Nisipoleta, atasimama Firdausi na volkano yake ya magadi.

Nimekimbia njia nzima. Kwenye kona nikaona moshi. Baba kawasha saa sita! Alikuwa awashe Jumatano! Lakini kwenye kambi ya wakimbizi Nyarugusu watu wanahara, chokaa ya vyoo inatakiwa haraka, wametuma mtu asubuhi.

Nusu ya somo niliipata Jumanne, nusu leo. Kiherehere changu! Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempigia baba magoti. Anasema moto wa chokaa hauzimwi katikati. Ukiuzima, mawe yanabaki mabichi ndani, hayafai kitu, na kambini wanangoja. Nikasema jiwe moja tu, lile la mlangoni. Japhet akadakia — ukilitoa hilo tanuru zima linashuka, au sayansi haijakufundisha? Mshenzi.

Baba kanitazama. Kasema polepole, mwana wanje, mwanangu, si wewe uliyenichagulia? Afadhali angenipiga.

Nimechambua kifusi chote cha shimoni. Vipande kama kucha. Hakuna duara hata moja.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwalimu kauliza jiwe liko wapi. Nikasema lipo, nalisafisha. Uongo umetoka wenyewe! Kafurahi, kasema kashampigia simu yule mtaalamu. Firdausi ananiangalia tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Moto umeisha. Tanuru linapoa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baba kaanza kupakua kutoka juu. Mawe meupe, mengine yanasambaratika kwenye koleo. Nilikaa pale pale tangu nitoke shule. Karibu na magharibi tukafika mlangoni.

Lipo! Zima! Jeupe, na duara zake zote zinaonekana, za kijivu, moja ndani ya nyingine. Baba kalinyanyua kwa koleo kama si kitu, jepesi ajabu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Baba akanishika mkono kabla sijaligusa. Kasema ni zima kwa macho tu. Moto umeshalila. Likipata maji linachemka, linaunguza, na kuwa unga. Hata jasho lako.

Japhet kaingia ndani, katoka na nailoni ya godoro lake jipya. Kalifunga mwenyewe, mizunguko mitatu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saa mbili na robo. Niko barazani kwa Mzee Badru, duka la vifaa, barabarani. Mwalimu anakuja na gari la kukodi saa mbili na nusu. Nitamwambia. Nitamwambia kwamba limepita motoni, nikiingia tu kwenye gari. Au tukifika Kasulu.

Wingu limetanda upande wa Manyovu. Jamani, si leo!

Mvua. Kubwa. Inapiga mpaka barazani. Firdausi kafika na mwamvuli na sanduku la volkano yake, endapo nitakuja bila jiwe. Kasema nionyeshe. Nikafunua kidogo. Kainama kuchungulia. Halafu kasema, duara kweli. Sasa mwamvuli kaushika juu ya jiwe, yeye mwenyewe analowa mgongo. Na mimi nilimwombea mabaya wiki nzima!

Nailoni ina tundu. La msumari labda. Sikuliona jana. Nimeweka kiganja juu — kuna joto. Limetoa sauti ndogo ndani, tik. Firdausi kasikia. Kaniuliza kwani umelifanyaje? Nimemwambia yote. Kasema mwambie mwalimu sasa hivi, kabla hajalishika. Najua! Nataka kulia na siwezi, nikiinama juu yake machozi nayo ni maji.

Tik tena.

Gari limesimama ng'ambo. Nimepunga mkono asije, kadhani namsalimia. Kashuka bila mwamvuli, anavuka barabara mbio, anacheka, kalowa mpaka viwiko, na mikono yote miwili kainyoosha alipokee —