Mama Anakataa Mjukuu Aitwe Jina Lake

Shangazi Najat, shikamoo. Mimi naitwa Boniphace, mkulima wa hapa Kiriba, mpendwa mshauri naomba unisaidie maana nyumbani kwangu kuna mtoto wa kike ana miezi miwili hana jina, na jina lipo, ni la mama yangu Nyangi, ila ukoo wanalikataa, na anayelikataa kuliko wote ni mama mwenyewe.

Nikuambie kwanza mama yangu ni nani. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatulea watoto watano kwa dagaa, alikuwaga anauza pale soko la Mwigobero, na ugonjwa ulipomuanza kope zikawa zinashuka zenyewe, mchana ukifika hata kutafuna ugali taya linachoka, sauti inatokea puani, wengine wakasema amelogwa, wengine wakasema kalewa, yeye anainua kope kwa kidole anaendelea kupima dagaa, mteja akileta ujanja anamwambia, “Jicho ndiyo limelala, mwenyewe niko macho, usinichezee!” Soko linacheka na dagaa zinaisha. Shangazi, mimi nikiongozana na yule mama natembea kifua mbele.

Mwaka jana tukampeleka hospitali, daktari akasema kinga ya mwili wake imekosea adui, inashambulia pale mishipa ya fahamu inapokutana na misuli, akapewa dawa na sasa anaendelea vizuri, asubuhi utamkuta bustanini. Nikamuuliza daktari, na sisi watoto je? Akasema vipo vinasaba mtu anazaliwa navyo, vinaongeza uwezekano kidogo. Basi mke wangu Hana alipojifungua, baba mdogo Enoka akaita kikao cha jina, mimi nikawaeleza habari za hospitali, kwamba huu ugonjwa ni wa urithi. Weee! Baba mdogo akasimama, “Umesikia kwa masikio yako uko kwenye damu, halafu unataka umuongezee mtoto na jina?” Maana kwetu mtoto akipewa jina la mtu anapokeaga na mambo yake. Mama alikuwa amekaa pale pale, akasema taratibu, “Mpeni jina lingine. Sitaki mjukuu wangu aje ainue macho kwa kidole.” Tangu siku hiyo hampakati mtoto, Hana akimpelekea anasema mikono haina nguvu, hata asubuhi. Wanataka tumuite Prudence. Si jina baya, lakini nikikubali ni kama nimesema mbele ya ukoo kwamba mama yangu ni mkosi, na nikikataa halafu siku moja nione kope za binti yangu zinashuka, nitajisemea nini? Nifanye nini, Shangazi?

*

Marahaba, Boniphace. Pole, mwanangu. Pole ikishaingia, nikugombeze.

Daktari alikuambia “kidogo”. Wewe ukafika kikaoni ukasema “ni wa urithi”, basi. Ile “kidogo” uliidondosha wapi, stendi ya Bunda? Umewatia watu hofu kwa nusu ya habari, na aliyeumia ni mama yako.

Nimemuuliza daktari kabla ya kukujibu. Vinasaba hivyo wanavyo watu wengi tu, wapo Musoma, wapo Butiama, wanazeeka hawajawahi hata kusikia ugonjwa huu. Peke yake havitoshi. Lazima kinga ya mwili ije ikosee, na kwa nini inakosea kwa huyu na si kwa yule, wataalamu bado wanatafuta. Ndugu wa mgonjwa wamezidi wengine kidogo kwa hatari, lakini wengi wao hawaupati kabisa. Na kupakata hakuambukizi, jamani!

Jina sasa. Alichopokea binti yako kwenye damu alikipokea tangu mimba ilipotungwa, hakuna kikao kilichoulizwa. Mkimuita Prudence, mkimuita Najat kama mimi, damu ni ile ile. Mtakachokuwa mmemnyima ni bibi yake tu.

Na baba mdogo muulize kwa heshima zote: mambo ya Nyangi ni kope peke yake? Kulea watano bila mume hakumo? Kuchekesha soko zima huku mwili umegoma hakumo? Mimi mjukuu wangu akipata jina kama hilo, nitapiga vigelegele mpaka majirani waje.

Kliniki ijayo nenda na mama na baba mdogo. Waulize wenyewe, daktari ajibu, wewe kaa kimya. Dawa mama asiache hata akijisikia vizuri. Akiugua malaria au akihitaji dawa nyingine yoyote, aseme kwanza ana ugonjwa huu, maana zipo dawa zinazouzidisha. Akishindwa kumeza au kupumua, hospitali saa hiyo hiyo. Na ninyi watoto wake, mmoja akiona kope inashuka jioni au anaona vitu viwili viwili, aende mapema, asisubiri kuitwa mlevi.

Mkirudi, wakusanye tena. Mwekee mama mtoto mapajani, ukoo wote wanaona, kisha uite kwa sauti, “Nyangi!” Bibi akimuitikia mjukuu, kikao kimefungwa.